Kola ya Betri

Kabla ya kola, nyumbani kwetu Kitangari
betri ilikuwa na safari yake.
Ilianzia kwenye tochi ya Nampoto,
mlinzi wa ghala la korosho la chama cha msingi,
ikimulika magunia, popo,
na mwizi ambaye kwa miaka sita hajatokea.
Mwanga ukigeuka njano,
njano ya bibo lililolala chini siku mbili,
tuliianika juu ya bati pamoja na makochoko,
tukaing'ata kidogo kwa gego
(usiniulize sababu, hata baba aling'ata),
ikaingia kwenye redio
kututangazia vifo na bei za mnada.
Redio ikianza kusemea puani
tuliihamishia kwenye saa ya ukutani,
na huko iliishi kama mstaafu:
sukuma mshale, pumzika,
sukuma mshale, pumzika,
mwaka na ushei.

Akaja gulioni kijana mmoja, Fundi Chitanda,
na spika ya kukokota.
"Betri mnazotupa hazijafa! Zimelala!
Ivishe kola hii, moja itakuwa nane!"
Nampoto, mtu wa kuhesabu njiti za kiberiti,
akatoa elfu sita papo hapo.

Wiki ya kwanza tuliona haya
kwa kila betri tuliyowahi kuitupa shimoni.
Mwanga ulikuwa mweupe, unga wa muhogo mtupu.

Zamda, kidato cha tatu, akaazima mita ya maabara.
"Mama, volti ni msukumo, si akiba.
Betri ikisoma moja nukta moja
imechoka kusukuma, tumboni bado ina kitu.
Kola inaisaidia. Lakini kila inachopandisha juu
inakilipia kwa kuchota zaidi chini,
na yenyewe inakula njiani,
kama mchota maji anayepanda mlima
huku anakunywa kwenye ndoo."

Mimi nilimwelewa kijikoni.
Kuna tui la kwanza, kuna la pili.
Chicha iliyokamuliwa mara tatu
haina tui la nne,
hata uitie kwenye kinu cha mabibo.

Usiku wa Alhamisi tochi ikazimika.
Haikupita njano. Haikukohoa.
Zamani ilimuaga siku tatu nzima.
Safari hii Nampoto alikuwa katikati ya ghala,
akajigonga ugoko kwenye mzani wa chama,
akasikia mtu anahema nyuma ya magunia.
"Nani?"
Mtu akaacha kuhema.
Walisimama hivyo, yeye na mtu wake,
mpaka kulipopambazuka akajiona yuko peke yake.

Asubuhi betri zile tukazitia kwenye redio: kimya.
Moja tukaitia kwenye saa.
Mshale ukanyanyuka kama mtu anayetaka kusema neno,
ukarudi.
Saa nne na robo.
Siku nne tulikula saa nne na robo,
tukalala saa nne na robo,
na Zamda akachelewa shule saa nne na robo.

Ndipo nikajua tochi ilikuwa inakula chakula cha nani.
Kola haikutuibia, siwezi kusema hivyo.
Ilichukua ya saa, ikampa tochi,
ikakata na makato yake,
na makato sisi wa korosho tunayajua.

Wala sitasema haifai kabisa.
Mama mkwe, Bi Somoe, ana mashine ya presha
inayodeka kuliko bibi harusi.
Betri ikipungua kidogo tu, inagoma,
inaonyesha kijipicha cha betri tupu
wakati betri yenyewe ina nusu shibe.
Tukaivisha kola. Ikaamka, ikambana mkono,
ikatoa namba, naye akaibishia.
Kola zinaishi huko sasa.

Jana alfajiri Nampoto kabisha hodi:
"Imeanza njano."
Uso wake, ungedhani kaletewa bibo la kwanza la msimu.
Tayari anavuta kigoda aifikie saa.
Namwambia, redio kwanza.